Mwenye Shamba na Mwenye Mti

Katika machimbo ya Geita, eneo moja linaweza kuwa na wenyewe watatu. Kuna mwenye shamba, aliyelima mihogo hapo kabla mtu hajaokota jiwe lenye dhahabu. Kuna mwenye leseni, ambaye karatasi yake imetoka serikalini, kwa sababu madini yote kisheria ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Halafu kuna mwenye duara, anayetoa pesa ya kamba, magogo, pampu na chakula cha vijana. Mawe yakitoka, viroba vinagawanywa, na ugomvi mara nyingi huanzia hapo.

Mjomba wangu ni mwenye duara. Baada ya zaidi ya miaka 20 ya mashimo na karasha, alipata mgawo wa kueleweka. Tulitegemea anunue ng'ombe, au aongeze fremu za maduka Kahama. Akasema anataka nyumba Unguja. Kifua chake kimechoka na vumbi la mawe, na aliwahi kwenda harusini Makunduchi akalala siku tatu bila kukohoa. Bibi alimuuliza kwa Kisukuma kama huko baharini kuna malisho.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, nikapewa kazi ya kuulizia. Jibu lilinishangaza zaidi yake. Ardhi si jambo la Muungano. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, huku Bara, inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, lakini Mzanzibari ni raia wa Tanzania, kwa hiyo hati anapata Shinyanga kama mimi. Visiwani, sheria ya mwaka 1992 inampa haki ya kutumia ardhi Mzanzibari. Mtu wa Bara, hata akiwa na kitambulisho cha taifa mfukoni, si Mzanzibari. Njia iliyobaki kwake ni ile ya mgeni: akodishiwe ardhi kama mwekezaji, au anunue nyumba kwenye jengo la ghorofa chini ya sheria ya mwaka 2010.

Tulikwenda kuangalia mradi mmoja wa nyumba kama hizo. Kijana wa mauzo alikuwa mpole, akatupatia fomu ileile anayowapa Wajerumani. Mjomba akaisoma yote, akauliza: "Kwenye uraia niandike nini?" Kijana akacheka kidogo, akasema, "Andika Mtanzania, mzee." Mjomba akaandika, lakini bei ilikuwa ya watu wa mbali. Tukaondoka.

Mjomba ana rafiki Kahama, muuza vitambaa, Mpemba wa kweli na si wa kuitwa tu, maana kwetu kila mtu wa visiwani ni Mpemba. Amejenga Kahama na hati ipo kwa jina lake. Akajitolea: kiwanja kinunuliwe kwa jina lake, wao wawili waandikiane pembeni. Madalali nao walisema watu wengi wanafanya hivyo.

Nilitaka akubali. Mjomba akakataa, kwa sababu ya duara. "Mimi nakuamini wewe," alimwambia rafiki yake. "Lakini ukifa leo, wanao wataona jina la baba yao. Mimi kwao ni nani? Nimeona viroba vinavyogombanisha ndugu wa tumbo moja."

Rafiki hakukasirika. Akatueleza kwamba kwao, kwa desturi, mtu anaweza kumiliki mikarafuu au minazi iliyo kwenye ardhi ya mwingine. Mti una mwenyewe, udongo una mwenyewe. Akatueleza pia kwa nini wanaishika ardhi kwa nguvu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilitaifishwa, na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni 2 Zanzibar, na karibu milioni 60 Bara. "Mkija nyote," alisema, "tutakaa wapi?"

Nilikuwa na majibu ya kisheria, kuhusu uraia mmoja na usawa. Bado naamini kuna kitu hakijakaa sawa pale Mjerumani na mjomba wanapopanga foleni moja katika nchi ya mjomba. Lakini mjomba hakubisha. Kila mchimbaji wa rika lake anaikumbuka Bulyanhulu ya mwaka 1996, wachimbaji wadogo walipoondolewa kupisha mgodi mkubwa. Anajua ilivyo kuamka na kukuta mtu wa mbali ana karatasi kuliko wewe.

Mwaka huu amepanga nyumba ya vyumba viwili upande wa mashariki mwa kisiwa. Amelipa kodi ya miezi 6, ya kiangazi, wakati vumbi la huku likiwa baya. Rafiki yake wa Kahama alimpigia sheha kumtambulisha. Mwenye nyumba amemruhusu apande minazi miwili karibu na kisima, na mjomba akamuuliza swali moja tu, la mtu wa machimbo: siku nikiondoka, nazi ni za nani?

Bado wanalizungumza.