Niliwaambia Mpake Vaseline. Nilikosea.

Wadau, leo sina stori ya kuchekesha. Nina deni.

Mnakumbuka ile video ya kalamu ya marehemu babu? Nilisema kalamu ya wino ikigoma kuzunguka, fungua, paka Vaseline kidogo, rudisha, maisha yaendelee. Video ikaenda mbali kuliko zote nilizowahi kupiga kwenye mashamba ya chai. Nikajiona fundi. Wiki tatu baadaye jamaa wa Litein akanitumia picha.

Ilikuwa kalamu ya mama yake, mwalimu mstaafu. Kalamu ya Kiingereza ya zamani, ile aina yenye kifuko cha mpira ndani cha kushika wino. Alikuwa amekipaka Vaseline kifuko chote. Kikavimba, kikawa laini kama chingamu iliyotafunwa, kikapasuka. Wino wote kwenye shati. Hakunitukana. Aliandika tu: "Nilifanya ulivyosema."

Afadhali angenitukana.

Sasa ebu niwaeleze vizuri, kwa sababu hata kalamu yenyewe ya babu sikuwa nimeipona. Babu alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani chai, upande wa Bomet, enzi za mizani ya kuning'iniza gunia, kabla ya hizi za umeme. Pale kwenye mizani aliandika kwa biki, maana risiti ina karatasi ya kaboni na lazima ukandamize. Lakini jioni nyumbani alitoa Pelikan yake, akanakili kilo za siku kwenye daftari kubwa, polepole, mwandiko umelala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Ni kalamu ya Kijerumani ya pistoni: unazungusha kitako, pistoni inapanda ndani ya mwili wa kalamu, inavuta wino. Pelikan walianza kuuza za namna hiyo mwaka 1929.

Kwa kalamu hiyo hiyo ndiyo alimfundisha Kogo, yaani nyanya yangu, kuandika jina lake. Jina tu. Karatasi nyingine zote za maisha yake Kogo ameweka kidole gumba. Sasa namba ya chai ya babu inahamishwa kwa jina lake, kuna fomu ya kutia sahihi, na Kogo amesema hivi: "Kidole siweki. Nitaandika. Na nitaandika na ile yake."

Na ile yake ilikuwa imekwama.

Kwa hivyo nilipoipaka Vaseline na ikazunguka, nilishangilia kabla ya mechi kuisha. Siku chache tu wino ukaanza kuruka. Unaandika herufi mbili, ya tatu haipo. Mafuta yalikuwa yameshuka hadi kwenye ile sehemu ya chini ya nibu yenye mifereji midogo. Wino wa kalamu hizi ni maji yenye rangi, na unatembea kwenye ile mifereji kwa kushikana na kuta zake. Ukuta ukiwa na mafuta, maji hayashiki. Mwaga maji kwenye sufuria iliyopikiwa nyama uone yanavyojikunja. Ndivyo hivyo.

Hilo ni kosa la kwanza: kupaka nyingi. Kosa la pili ni lenyewe la Vaseline. Vaseline inatokana na petroli, na mafuta ya petroli na mpira wa asili hawapatani. Mpira unayanywa, unavimba, unalegea. Na hapa ndipo aibu inanishika, kwa sababu hili nililijua! Sote tuliambiwa na wahudumu wa afya: kondomu za mpira usitumie na Vaseline, zitapasuka. Nililijua upande ule, nikalisahau upande huu.

Basi nikaanza kutafuta kilainishi cha kweli. Nyumbani kulikuwa na mafuta ya kupikia. Hapana. Yakikaa yanachacha na kuwa gundi, angalia shingo ya mtungi wowote wa mafuta jikoni. Kulikuwa na mafuta ya cherehani na grisi ya beringi za bodaboda. Hizo kwa kawaida ni petroli tena, zimevaa nguo tofauti. WD-40 pia, sehemu kubwa yake ni viyeyushi vya petroli. Ni nzuri kwa bawaba ya mlango, lakini kwa kalamu, wacha.

Nikasoma kwamba kinachotakiwa ni silikoni. Nikapanda matatu hadi Kericho mjini, nikaingia hadiwea ya kwanza. "Boss, uko na silikoni?" "Iko." Akanipa mrija mkubwa. Nimeshalipa, niko mlangoni, mzee mmoja mteja akaniuliza naweka dirisha la saizi gani. Kumbe nilikuwa nimenunua ile ya kuziba madirisha na mabomba! Ile ikikauka inakuwa mpira mgumu. Ningeipaka, pistoni ya babu ingebaki pale hadi kiyama.

Nilirudi nyumbani nimechoka, mvua ya saa tisa imenipiga njia nzima, nikamweleza Kogo. Alikuwa anasafisha sotet ya mursik. Hata hakuinua kichwa. "Weri, kwani wewe unaweza kusugua hii kibuyu na mkaa wa mti wowote? Mkaa ni mkaa? Kuna senetwet, na kuna miti ya kuharibu maziwa."

Hapo nikaelewa nilikuwa nauliza swali vibaya. Nilikuwa nauliza, ni nini kinateleza? Kila kitu kinateleza. Swali ni, kinagusa nini, na kitakaa na hicho kitu miaka mingapi?

Niliyemhitaji alikuwa fundi wa mashine za kusafisha maji ya kunywa. Ana kopo dogo la grisi ya silikoni tupu, ya kupaka zile pete za mpira zinazozuia maji yasivuje. Haiyeyuki kwenye maji, haikauki, haichachi, na haili mipira ya kawaida. Akanichotea kidogo kwenye kifuniko cha soda. Nilitaka kumlipa, akacheka. Kile kidogo kitanitosha miaka.

Namna ya kupaka, na safari hii naomba msome hadi mwisho:

Kwanza toa uchafu wa zamani. Maji vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, vuta na kutoa mara nyingi, halafu suuza kwa maji safi. Maji ya moto hapana, spiriti hapana, plastiki za zamani haziyapendi. Nibu ya Pelikan ya babu inafunguka kwa kuzungusha, kwa hiyo niliitoa na kuisafisha peke yake. Kisha grisi kwenye ncha ya kijiti cha meno, kiasi cha punje ya wimbi, si zaidi. Paka ukutani ndani ya tumbo la kalamu, mbali na upande wa nibu, halafu peleka pistoni mbele na nyuma hadi isambae. Ukiiona kwa macho, umezidisha.

Na kama kalamu yako ina kifuko cha mpira kama ile ya mwalimu wa Litein, usipake grisi yoyote. Hata silikoni. Mafundi huweka poda tupu ya talki isiyo na manukato, basi. Na kama hujui kalamu yako ni ya aina gani, usiifungue hadi ujue. Hilo ndilo ningesema kwenye ile video kama ningekuwa na akili.

Ile video nimeifuta. Jamaa wa Litein nimemtumia pesa ya kifuko kipya, alikataa, nikatuma tena. Alisema mama yake hajakasirika, ila ameuliza huyu kijana alisomea wapi. Swali la haki.

Fomu ni Alhamisi. Jana jioni Kogo alijaribu kalamu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la babu, chini ya kilo za mwisho alizonakili. Jina lake lilitoka lote, herufi kwa herufi, hakuna hata moja iliyoruka. Aliliangalia, akafunga kifuniko, akaniambia nisiguse tena.

Sitaigusa.