Yasmin na Yusuf

Tangu masika yaliyopita tumekuwa na jioni za furaha. Kila tulipokwisha kufunga majalada ya ofisini tulirejea nyumbani kwenye riwaya mbili na filamu moja, na kwa kuwa tamu ya peke yako haikolei, twaomba ruhusa ya msomaji tuigawe. Huu si uhakiki. Wahakiki wapo, na kazi yao waijua.

Filamu ni Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita wameisoma. Yasmin, binti wa Kihindi katika Unguja ya miaka ya 1950, anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa baba yake. Anamtoroka, anapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana anayesakwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya siasa zake.

Tuliketi kuitazama tukitazamia hotuba, maana filamu za ukombozi hupenda kuhutubu. Hii haikuhutubu. Ilituonyesha vichochoro, bahari na nyuso zinazonyamaza, na ikatuacha tuelewe wenyewe. Siti Amina, mwimbaji wa Unguja, ndiye Mwajuma, na kila alipoingia tulihisi chumba kimepata joto. Lakini tulikosa kitu kimoja: porojo. Katika kitabu, watu wa Ng'ambo hutaniana, hutukanana na kupatana ndani ya ukurasa mmoja, na Kiswahili chao hakina mfano. Filamu ya saa moja na nusu haiwezi kuyabeba hayo yote. Kwa hiyo tunapowasikia wanafunzi wakiambiana kwamba aliyeiona filamu hana haja ya kitabu, twawasikitikia. Wameinunua nyumba wakaiacha sebule.

Riwaya ya pili ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu, mzaliwa wa Unguja, aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilichapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28! Na katikati yake, mwaka 2021, ilibidi kwanza Gurnah apewe Tuzo ya Nobel. Hatumlaumu mwandishi, mtu huandika kwa lugha iliyompokea. Twajiuliza tu sisi wenye lugha tulikuwa wapi, hali wahusika wake hata katika Kiingereza wasikika wakifikiri kwa Kiswahili. Tulipokuwa tukisoma tafsiri, mara nyingi tulisahau kabisa kwamba ni tafsiri.

Yusuf ana miaka 12 anapopandishwa treni kumfuata mfanyabiashara anayemwita Ami Aziz. Ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfumbulia: huyu si ami yako; baba yako ana deni, nawe ndiwe rehani. Hapo tulikifunika kitabu kwa muda, tukamkumbuka Yasmin. Mmoja ametolewa kwa harusi na mwingine kwa deni, na wote wawili wametolewa na wazazi waliowapenda. Waandishi wetu wamezoea kumweka mdhalimu nje ya nyumba, naye ni mkoloni, au bepari, au bwana shamba. Hawa wawili wamethubutu kumtafuta ndani, penye mkeka na chai, bila ya kumsamehe mkoloni anayepita barabarani. Twawaenzi kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Mwisho wa Peponi, Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Rafiki yetu mmoja, mwalimu, ashikilia kwamba huko ni kujitia kitanzi. Sisi twaona kijana aliyekabidhiwa na wengine maisha yake yote amechagua safari hii moja mwenyewe, mbaya kama ilivyo. Tumebishana jioni tatu bila ya kuafikiana, naye ameazima nakala yetu ili aisome upya. Mara ya mwisho tulipomwuliza, alikuwa amefika na msafara wa Aziz katika mji wa Chatu, na hakutaka kuzungumza na mtu.