Ramani Yenye Viraka

Sogea karibu, ndugu yangu, chai ingali moto. Kama ulisoma kwenye shule za kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière, au baadaye za Gécamines, harufu hii huwezi kuwa umeisahau: karatasi nene iliyopakwa vanishi, vumbi la chaki, na kwa mbali dawa za mtambo wa madini wa Kambove, zilizoingia darasani kila upepo ulipogeuka. Picha za ukutani zilikaa kabatini, zimeviringishwa kwenye vijiti vyake. Mwalimu akilifungua lile kabati, mlango ukalia, tulijua leo hakuna imla. Darasa zima lilinyamaza bila kuamrishwa.

Picha nyingi zilichapwa Ubelgiji. Moja ilikuwa ya majira ya baridi: watoto wa makoti na glavu wakirushiana theluji, na pembeni mti mtupu hauna hata jani. Mwalimu wetu theluji alikuwa hajaiona, sawa na sisi, lakini alitueleza kwa heshima zote kwamba ni maji yaliyoganda. Mwenzetu mmoja, ambaye mama yake aliuza samaki sokoni, akauliza kwa nini wazazi wa wale watoto wanawaacha waichezee barafu badala ya kuiuza. Halafu tukaulizwa: mti huu umepatwa na nini? Tulijibu kwa sauti moja: moshi! Sisi tulioifahamu miti iliyokauka karibu na viwanda, jibu lingine lingetoka wapi? Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Baadaye akatufundisha majira ya kwetu kwa kutuonyesha dirishani, maana shule hufunguliwa Septemba na jakaranda huwa zinachanua, kisha Novemba mvua inaleta matope mekundu hadi mlangoni.

Tulizipenda zote, hata ile ya mbu mkubwa kuliko kuku, lakini ramani ya Kongo tuliipenda zaidi. Ilichapwa enzi za ukoloni, kwa hiyo majina yake yalikuwa Léopoldville, Stanleyville, Elisabethville, na hapa jirani Jadotville. Mwaka 1966 majina makubwa yakabadilishwa, na ramani mpya haikuletwa. Mwalimu akakata vipande vya karatasi, akaandika Kinshasa, Kisangani, Lubumbashi, Likasi kwa ile hati yake iliyolala kidogo upande wa kulia, akabandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Oktoba 1971 nchi ikawa Zaire, mto nao ukawa Zaire, na Katanga yetu ikaja kuitwa Shaba. Viraka vikaongezeka. Ukipitisha kiganja juu ya ramani ungeweza kuisoma historia kwa vidole.

Mende nao waliipenda ile gundi. Usiku walikula, na asubuhi moja tukakuta Kisangani imetoweka, Stanleyville imerudi mahali pake! Sisi tulicheka. Mwalimu hakucheka. Zilikuwa siku za MPR, chama cha Mobutu, picha yake na kofia yake ya chui inatutazama kutoka juu ya ubao, na mkaguzi angeweza kuingia saa yoyote. Alitafuta karatasi mikono ikimtetemeka, na nadhani siku ile ndiyo niliyoelewa kwamba jina kwenye ramani ni kitu kizito.

Kambove yenyewe ilikuwa nukta tu. Kila mtoto aliyeitwa mbele alitaka kuigusa, aseme, “Hapa ni kwetu.” Kwa miaka mingi ya vidole nukta ikafutika, kisha karatasi ikachakaa, mwishoni pakawa kitundu kilichoonyesha saruji ya ukuta. Hakuna aliyekiziba. Wageni waliuliza Kambove iko wapi, nasi tulionyesha kile kitundu kwa fahari.

Nilipokuja kufundisha mimi mwenyewe, neema ilikuwa imepungua. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto wa Gécamines, kule Kolwezi, uliporomoka, na miaka iliyofuata ikawa ya mishahara isiyofika na wazazi kuchangishana ili mwalimu apate bukari na sombe. Kabati lile likawa linalia bila kutoa kitu. Tukageukia magunia ya unga: unalifumua, unalifua, unalipaka rangi nyeupe, unalikausha juani. Mtaani alikuwepo fundi aliyeishi kwa kuchora Mamba Muntu, yule malkia wa majini ambaye sebule nyingi za Katanga zilimtundika juu ya makochi. Nilimwomba anichoree mwili wa binadamu, na tumbo liwe wazi. Alichora utumbo kwa subira, pindo kwa pindo, na ini la rangi safi kabisa. Lakini mkono umezoea ulichozoea: kichwani akaweka nywele ndefu zilizomwagika mabegani na macho ya kumwita mtu mtoni. “Mwalimu, huyu iko na nywele ya Mamba Muntu!” wakapiga kelele. Hakuna somo la mmeng'enyo wa chakula lililosikilizwa vizuri kama lile.

Watu wetu wamezoea kujifunza kwa macho. Tshibumba Kanda-Matulu, mzaliwa wa Elisabethville mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi kwa picha zaidi ya 100 katika miaka ya 1973 na 1974, kuanzia enzi za kale hadi Lumumba na Mobutu. Kama nakala zake zingetundikwa shuleni Kambove, watoto wangejifunza mengi kuliko tuliyonakili ubaoni.

Mwaka 1997 Zaire ikawa Kongo tena. Nilibandua viraka vya ile ramani ya zamani kwa kitambaa cha maji ya moto, na chini ya Shaba nikakuta Katanga, imefifia lakini inasomeka. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa mikoa minne, sisi tukawa Haut-Katanga, na ile karatasi haikuweza kubeba mipaka mipya. Iliraruka katikati ya mikono yangu. Haikuwa kosa la mtu, vitu huchoka. Lakini nilikaa nayo mapajani kwa muda mrefu.

Sasa walimu vijana wana simu, na ndani ya simu mna moyo unaodunda na dunia inayozunguka. Nafurahi, na bado nasikitika, kwa sababu simu moja hutazamwa na watoto watatu, wengine wanasubiri zamu isiyofika. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Juzi binti mmoja anayefundisha alikuja kuniuliza: “Mama mwalimu, picha ya malaria niifanyeje?” Nikampa gunia langu la mwisho, nikamwambia achore kubwa, mbu mmoja tu ajaze gunia zima, mtoto wa benchi la nyuma kabisa aweze kumhesabia miguu.