Nilimfuata dada Marekani nikaone kuku anavyoliwa kwa mrija

Msomaji wangu, vuta kigoda, leo nakupeleka mamtoni. Usihangaike na pasi wala viza, hangaiko hilo nimeshalimaliza mimi. Wewe sikiliza tu.

Mtaani kwetu Temeke, mtu akishapanda ndege kwenda Marekani kesi yake imekwisha. Anakula kuku kwa mrija. Akichelewa kutuma hela, ana roho mbaya. Akituma kidogo, anatuzuga. Dada yangu aliondoka mwaka 2014 kwa ile bahati nasibu ya viza, na kwa miaka kumi hilo ndilo lililokuwa jina lake: yule wa kuku kwa mrija. Na mimi, sikufichi, ndiye niliyekuwa nabeba bendera.

Sababu nilikuwa nayo. Mwaka 2016 nilimaliza kidato cha nne. Matokeo yakatoka, daraja la tatu, shule ya serikali sikuchaguliwa. Ikabaki ya kulipia. Nikampigia dada, nikamtajia ada. Akanyamaza kidogo, akasema atajitahidi. Baada ya wiki mbili ikaingia dola 50 na ujumbe: "Vumilia mdogo wangu."

Dola 50! Kwa hela ya wakati ule ni kama laki moja na elfu kumi. Hapo bado godoro, sare na madaftari. Kidato cha tano nikaishia kukisikia kwa wenzangu. Nilikasirika mpaka nikaacha kupokea simu zake mwaka mzima. Akipiga, naiangalia inalia mpaka inachoka yenyewe.

Sasa mwaka 2024 dada akahitimu uuguzi, akataka walau ndugu mmoja awepo. Baba miguu inamsumbua, mama hawezi kumwacha, zali likaniangukia mimi. Viza nilinyimwa mara ya kwanza, ya pili nikapata. Ukoo ukakaa kikao, nikakabidhiwa karatasi. Namba moja, baba: bati sitini za kumalizia nyumba. Namba mbili, shangazi: simu ya maana, siyo ya kupapasa mpaka kidole kinaota sugu. Namba tatu, binamu: raba za Jordan, namba 43. Namba nne nilikuwa mimi mwenyewe: mtaji wa kufungua studio ya picha. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati. Nikajiambia, safari hii hachomoki.

Nikatua Atlanta, jimbo la Georgia, mji aliozaliwa Martin Luther King mwaka 1929. Jumamosi tukapiga picha na joho. Jumapili tulipotoka kanisani dada akasema, "Leo tunakwenda branchi."

Usishtuke. Branchi ni chai ya asubuhi na chakula cha mchana vimefungishwa ndoa. Unaamka saa unayotaka, unakwenda saa tano, unakula vya asubuhi na vya mchana kwenye meza moja, na hakuna wa kukuuliza. Mimi nikajua ndiyo hapo sasa, tunakwenda kwenye mrija.

Nilivaa suti. Msomaji, nilivaa suti na tai! Nilitegemea ghorofa la vioo na mlinzi mwenye glavu nyeupe. Tukasimama mbele ya kibanda cha matofali chenye rangi iliyochakaa, foleni imetoka nje mpaka kwenye maegesho. Bahati nzuri suti haikuniumbua, kwani nusu ya foleni walikuwa kina mama waliotoka kanisani, kofia zao pana kama ungo, na wazee wenye viatu vinavyong'aa. Nusu nyingine vijana wenye kaptula na macho ya usiku wa jana. Ndani meza zina vitambaa vya plastiki, redio inapiga nyimbo za injili, na harufu ya kuku wa kukaanga inakupokea mlangoni kama shemeji mkarimu.

Chakula chenyewe wanakiita chakula cha roho. Ni chakula cha Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini. Jina hilo lilishika kasi miaka ya 1960, lakini mapishi yenyewe ni ya tangu utumwani. Mtumwa alipewa posho ya unga wa mahindi na sehemu za nguruwe ambazo bwana hazitaki, akaongeza mboga za kibustani chake, akapika kikalika. Baadaye, kati ya mwaka 1910 na 1970, watu weusi wapatao milioni 6 waliihama kusini kwenda miji ya kaskazini na magharibi. Wakaondoka na masufuria yao, ndiyo maana leo chakula hiki utakikuta hata New York na Chicago.

Tukakaa. Akaja mhudumu, mama mtu mzima, nywele zina mvi, akanitazama akaniuliza, "Nikuletee nini, bebi?" Nikakaa vizuri, nikarekebisha tai. Nikajua mtoto wa Temeke nimependwa. Dada akacheka mpaka akashika meza. Kumbe pale kila mtu ni bebi, hata yule babu wa meza ya pili mwenye mkongojo.

Vyakula vikaletwa, na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Kwanza kuku wa kukaanga, gamba lake linalia kruu, amelalia juu ya wafo. Wafo ni kama chapati ya maji iliyoumuka, ikapigwa chapa ya vyumba vyumba kama sega la nyuki. Juu yake unamwagia sharubati nzito ya mti, tamu balaa. Kuku na sukari! Nikasema hapa nimeletwa kufa. Nikaonja. Msomaji, sikusema tena.

Lakini vilivyobaki vilikuwa vya nyumbani. Bakuli la kunde. Bamia. Majani mapana ya kijani, ndugu kabisa wa sukuma wiki, ila wao wanayapika saa kadhaa na mguu wa kitimoto uliokaushwa kwa moshi mpaka yanalegea. Viazi vitamu vyenye siagi na mdalasini, ambavyo wao wanaviita viazi vikuu, kwa kuwa wazee wao walitoka Afrika Magharibi wakivijua viazi vikuu, wakakuta huku vya kufanana navyo ni hivyo. Mkate wa mahindi. Na gritsi, yaani mahindi ya kuparaza yaliyopikwa laini, katikati ya uji na ugali, yakatiwa siagi na kamba juu.

"Dada," nikamwambia, "sisi tumepanda ndege mbili kuja kula kunde?"

"Kunde na bamia zilitangulia kuja," akasema. "Zilikuja kwenye meli zilezile walizoletwa watu. Hapa siku ya mwaka mpya lazima wale kunde na haya majani, wapate bahati."

Nikakumbuka mama anavyotuchambulia kunde uani. Nikaangalia pembeni, nikajifanya nasoma picha za ukutani.

Mojawapo ilikuwa ya mama mmoja mnene aliyefunga aproni. Dada akaniambia huyo ni Georgia Gilmore, wa mji wa Montgomery, jimbo la jirani la Alabama. Mwaka 1955 watu weusi wa huko waligoma kupanda mabasi kwa sababu ya kubaguliwa, wakagoma siku 381. Sasa watu waende kazini na nini? Yakatafutwa magari ya kuwabeba, na magari yanataka mafuta. Huyu mama na wenzake wakawa wanakaanga kuku na kuoka pai za viazi vitamu majumbani, wanauza, hela wanaipeleka kwenye mgomo. Kikundi chao wakakiita Klabu ya Kutoka Pasipojulikana, ili mtu akiuliza hela imetoka wapi, jibu liwe tayari. Mwaka 1956 alitoa ushahidi mahakamani kumtetea King, akafukuzwa kazi ya upishi. Akapikia nyumbani kwake, na King mwenyewe akawa mteja.

"Sahani ya kuku inaweza kubeba watu wengi," dada akasema. Nikaitikia tu, mdomo umejaa. Nikajipapasa mfuko wa shati, karatasi ipo. Nikawaza, sasa ndio wakati, ameshiba, ana furaha.

Kabla sijafungua mdomo, yule mama mhudumu akarudi na kipande cha pai chenye mshumaa mmoja. Akamkumbatia dada kwa nguvu, akamwita binti yangu. Halafu akanigeukia akauliza, "Huyu ndiye yule wa shule?"

Dada akasema, "Ndiye."

Mimi nikawaangalia wote wawili. Wa shule gani?

Kumbe dada aliwahi kubeba sahani hapohapo, miaka mitatu, tangu 2015. Meza ile tuliyokaa ilikuwa yake. Mama huyo ndiye aliyemfundisha kushika sahani nne kwa mara moja. Na hapo nikaelezwa mambo ambayo mtaani kwetu hayajulikani. Sheria ya taifa ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mezani dola 2 na senti 13 kwa saa. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1991, na mwaka 2024 nilipokuwa pale kilikuwa hakijapanda hata senti. Kinachobaki ni bakshishi. Bakshishi ikipungua, mwajiri anatakiwa aongezee mpaka dola 7 na senti 25. Basi, zaidi ya hapo unategemea roho ya mteja. Kwetu ukimwambia mhudumu chenji kaa nayo, umefanya hisani. Kule chenji ndiyo kodi ya nyumba. Jumapili ndiyo siku ya mavuno, na hata hiyo Jumapili kuna anayekula, anashukuru Mungu, anaacha mezani karatasi ya mahubiri iliyochapwa kama noti.

"Wiki uliyopiga simu," dada akasema taratibu, "nilikuwa nimeshalipa kodi. Nilikuwa na dola 30. Nikaja kazini nalia. Mama huyu akaniuliza nini, nikamwambia mdogo wangu amefaulu na sina ada. Akapita jikoni na kofia. Wakachanga dola 20."

Jamani. Zile dola 50 nilizozitukana pale Temeke! Dola 20 zilikuwa za wapishi wasionijua, watu ambao hawajawahi hata kuisikia Temeke. Na mimi mwaka mzima simu nimeiacha inalia.

Yule mama akaniwekea mkono begani. "Sasa ulisomea nini, bebi?"

Nimewahi kuulizwa maswali magumu. Hili limeyazidi yote. Dada aliinama, akawa anachokoa pai kwa uma. Alijua sikwenda. Hakuwahi kuwaambia.

"Naandika magazetini," nikajibu. Ni kweli, si uongo, unaona mwenyewe.

Mama akapiga makofi. Akageuka kuelekea jikoni, akapaza sauti kwamba yule mtoto wa Afrika sasa ni mwandishi. Mpishi mmoja akatoa kichwa dirishani, akaninyooshea kijiko. Na mimi nikampungia. Ningefanyaje? Sikuwaambia kwamba sikufika kidato cha tano. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Bili ikaja, dola 58. Dada akalipa, akaacha dola 15 za bakshishi. Alipokwenda chooni nikatoa noti yangu ya dola 20 niliyobadilisha Kariakoo, nikaibana chini ya kikombe. Ilikuwa nusu ya utajiri wangu wote. Halafu nikatoa kalamu na ile karatasi, nikaikata namba nne. Nikaikata mara tatu, isisomeke.

Tulipofika kwenye gari nikampa. Nisingeweza kumficha, nimetumwa na watu wazima. Akaisoma, akacheka kwenye raba za Jordan, akagusa pale palipokatwa.

"Na hii?"

"Nilikosea kuandika."

Akaniangalia kwa muda. "Umekua," akasema, akawasha gari. Bati za baba akasema atazileta mwenyewe, maana mshahara wa uuguzi utamwezesha kukata tiketi. Simu ya shangazi tukainunua, ya bei ya kati. Binamu akaambiwa avumilie, neno ambalo nalijua vizuri.

Nimerudi Temeke. Juzi kijiweni jamaa mmoja akaniuliza, vipi mshikaji, dada yako si anakula kuku kwa mrija kule? Nikamwambia kuku nimemwona kwa macho yangu, na nimemla. Analiwa kwa mikono, na kuna mtu amesimama saa nane kumleta mezani. Akaniambia nimeanza kuringa.

Poa tu. Ila wewe msomaji mwenye ndugu ughaibuni, leo akipiga, pokea.