Mwalimu asiye na bwana



Nafundisha shule ya msingi hapa Bukavu. Si mzaliwa wa hapa, na sijaolewa. Wamama wa jirani huulizana: «Ule mwalimu, bwana yake iko wapi?» Siku nilipotoa mabati kwa paa la kanisa, wakasema: «Haiko na mtoto. Atamuachia nani? Ndiyo maana anatoa.» Mimi sikasiriki. Lakini je, ni kweli kwamba asiyezaa haachi kitu?

Sikiliza habari ya Caroline Thackeray, Mwingereza wa ukoo mmoja na mwandishi William Thackeray. Alifika Zanzibar mwaka 1877, miaka 4 baada ya soko la watumwa kufungwa. Huko Mbweni, nje ya mji, misheni ya Waanglikana ilikuwa na shule ya wasichana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wasichana wale walikuwa wamekatwa na wazazi na makwao. Biashara ile mbaya, unajua, ilifika mpaka Maniema.

Thackeray aliongoza shule hiyo miaka 25, mpaka 1902. Wasichana walijifunza kusoma na kazi za mikono, na wengine wakawa walimu. Yeye hakuolewa. Alikuwa na mali ya kwao, akaitoa kwa ajili ya kazi ya Mbweni. Alipoacha uongozi, angeweza kupanda meli arudi Uingereza. Hapana, alibaki Mbweni mpaka kufa kwake mwaka 1926. Kaburi lake liko hapo hapo, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana.

Leo majengo ya shule ni magofu. Lakini msichana aliyefika pale bila baba wala mama, akatoka akiwa mwalimu, naye alifundisha wengine, na wale wakafundisha wengine. Nani atahesabu watoto hao wote?

Wewe unayekaa karibu na karere, umeona namna dhahabu inavyokuja na kwisha. Pengine kwenu kuna mwalimu mwanamke, mgeni, anaishi peke yake. Usimuulize bwana yake. Muulize kama chaki zinatosha, kama mshahara wa mwezi umefika, kama paa la darasa linavuja. Na binti yako, kesho asubuhi, asiende kutwanga mawe. Mpeleke kwake.