Herufi 5,300

Fomu ya kuomba shule za udaktari wa osteopathia nchini Marekani inakupa mahali pa kueleza kwa nini unataka kuwa daktari. Mahali penyewe ni herufi 5,300, ukihesabu na nafasi tupu kati ya maneno. Nimewahi kuandika barua za kuomba kazi, insha za shule, hata mashairi mawili ya mapenzi ambayo namshukuru Mungu yalipotea. Hakuna kilichonitesa kama hizo herufi 5,300.

Niliandika kuhusu Bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa mchuaji, huko kwetu Muheza. Aliyeteguka kifundo cha mguu, aliyeumwa mgongo kwa kubeba magunia ya machungwa, mama aliyetoka kujifungua, mtoto mwenye chango, wote walipita kwenye mkeka wake. Alikuwa na kisosi cha mafuta ya nazi na mikono mipana kuliko ya Babu. Mimi aliniita mke mwenzake, na kazi ya mke mwenza mdogo ilikuwa kupasha mafuta. "Mkono wa baridi ni matusi," alikuwa akisema. Sentensi hiyo ndiyo niliyofungulia maelezo yangu. Kila niliyemwonyesha aliipenda.

Kwa wasioijua habari hii: Marekani kuna madaktari wa aina mbili wenye leseni kamili, MD na DO. Wote wanaandika dawa, wote wanapasua, na tangu 2020 wote wanagombea nafasi zilezile za mafunzo ya ubingwa. DO anaongezewa saa zipatazo 200 za kujifunza kupima na kutibu kwa mikono: mifupa, viungo, misuli. Mwanzilishi ni Andrew Taylor Still, daktari wa mashambani ambaye mwaka 1864 alizika watoto wake watatu kwa homa ya uti wa mgongo. Dawa za zama zake, nyingine zenye zebaki ndani, hazikumsaidia kitu. Akazikasirikia. Mwaka 1874 akatangaza njia yake mpya, na mwaka 1892 akafungua shule katika mji mdogo wa Kirksville, Missouri.

Unaona jinsi Bibi alivyoingia humo kama ufunguo kwenye kufuli? Mikono, mafuta, kijiji, hekima ya wazee. Mtu ukitaka kuandika kitu kitamu, malighafi hiyo inatosha.

Ila nisiwafiche. Sikuanza kwa kuipenda osteopathia. Nilianza kwa kukataliwa kwingine. Mtihani wa MCAT una alama za juu 528, na walioingia shule za MD miaka ile wastani wao ulikuwa 511 na ushei. Mimi nilipata 502, nikisoma mchana na kufanya kazi usiku kama msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee huko Kansas City. Mwaka wa kwanza nilituma maombi shule za MD peke yake, na sikuitwa hata na moja. Mwaka wa pili nikageukia DO, na ndipo nilipomkumbuka Bibi. Yaani Bibi alikuja baada ya alama.

Shule iliyoniita kwenye usaili ilikuwa haijafundisha mtu hata mmoja. Ilikuwa inatafuta darasa lake la kwanza kabisa. Shule mpya ya namna hiyo hupewa ithibati ya muda, na ithibati kamili husubiri mpaka darasa la kwanza likaribie kuhitimu. Maana yake ni kwamba wale wa mwanzo wanasoma huku shule yenyewe nayo ikifanyiwa mtihani. Nilipomweleza Mjomba, aliyenipokea nchi hii na ambaye anaendesha malori ya masafa marefu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hicho cheti kikikataliwa, na deni nalo litakataliwa?"

Nilikwenda kwenye usaili. Jengo linanuka rangi, meza za maabara bado zimevikwa nailoni. Mbele yangu walikaa watu watatu, na mmoja wao, daktari mzee mwenye miwani shingoni, alikuwa amepigia mistari maelezo yangu kwa penseli. Wenzake waliuliza yale niliyoyatarajia. Yeye aliuliza moja tu.

"Bibi yako alikosea lini?"

Mtu unaweza kujibu swali kama hilo kwa ujanja. Nilikuwa nimeandaa hata jibu la udhaifu wangu mkubwa kuliko yote, lile la kwamba najituma kupita kiasi. Lakini nilichokiona mbele yangu ni Jumaa.

Jumaa ni mtoto wa mama mdogo. Alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mmoja. Tumbo likamshika. Bibi akasema chango, akamlaza mkekani, akamchua. Jioni ya pili akamchua tena. Mimi ndiye niliyepasha mafuta, siku zote mbili. Siku ya tatu alikimbizwa hospitali kwenye gari la kukodi, na huko wakakuta kidole tumbo kimeshapasuka. Alikaa wodini wiki nyingi. Alipona, lakini ana kovu linaloshuka kutoka juu ya kitovu mpaka chini, na mama yake hakumsemesha Bibi mwaka mzima.

Hilo lote halikuwemo kwenye herufi 5,300. Nafasi ilikuwepo. Nililiacha kwa kuwa lingeharibu hadithi.

Niliwasimulia. Nilitoka pale nikijua nimeikosa nafasi, nikapita dukani kununua viazi kama mtu aliyemaliza habari hiyo. Baada ya majuma matatu barua ya kukubaliwa ikaja.

Nyumbani Babu alipopata habari kwamba mjukuu wake atakuwa DO, akauliza kama Waingereza wamerudi. Yeye DO anayemjua alikuwa akidai kodi.

Likaja suala la pesa. Shule yetu mwaka huo ilikuwa bado haijaruhusiwa wanafunzi wake kukopa serikalini, kwa hiyo ilibaki benki, na benki inataka mdhamini. Mdhamini ni Mjomba. Kabla ya kusaini alitaka kuuona huo ukoo ninaotaka kuingia, kwa maneno yake mwenyewe, basi siku moja ya mapumziko yake tukaendesha kwenda Kirksville, kaskazini mwa Missouri. Kule kuna makumbusho ya osteopathia. Wameihifadhi nyumba ya magogo aliyozaliwa Still mwaka 1828, na kijumba cha mbao chenye vyumba viwili ambamo shule ilianzia. Mjomba alikizunguka kijumba kile mara mbili, mikono nyuma, kama anayekagua matairi.

"Hata madrasa yetu ilikuwa kubwa kuliko hii," akasema.

Nikamwambia darasa la kwanza lilikuwa la watu wachache tu, wake kwa waume, katika zama ambazo shule nyingi za udaktari zilikuwa zikiwafungia wanawake mlango. Na somo la anatomia lilifundishwa na daktari kutoka Scotland, William Smith, ambaye alikuja akiwa na mashaka na mzee Still akaishia kuwa mwalimu wake. Mjomba aliitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani alisaini, akaniambia nisimshukuru mpaka niwe nimemaliza kulipa.

Waliosoma vyuo vya kwetu wanajua kwamba mwanafunzi haishi kwa mihadhara peke yake. Anaishi kwa madesa. Kuna kaka au dada wa mwaka wa juu anayekuachia daftari, anayekwambia mwalimu yupi anatoa maswali wapi. Shuleni kwetu hapakuwa na mwaka wa juu. Juu yetu palikuwa na paa. Ratiba ilibadilishwa mara nne kabla ya Novemba. Hospitali za kutupokea mwaka wa tatu zilikuwa bado zinatafutwa, na kila tulipouliza tuliambiwa mazungumzo yanaendelea vizuri.

Lakini upya una upande wake mwingine. Mazoezi ya mikono tunafanyiana wenyewe kwa wenyewe, na tangazo la kwanza lilisema tuje na kaptura, tayari kuachia mgongo wazi. Mimi ni mtoto wa Muheza, navaa hijabu. Nilikwenda ofisini nimejiandaa kwa vita. Yule mama wa ofisini akafungua kompyuta, akakuta hakuna kanuni yoyote, akaniuliza, "Wewe ungependa iweje?" Wiki ileile ikaandikwa: mwanafunzi anaweza kuchagua mwenza wa jinsia yake, atafunua sehemu inayofundishwa tu, pazia liwepo. Wasichana wengine wawili wakaitumia, mmoja Mkristo wa Nebraska ambaye hakuwa na sababu ya dini, hakutaka tu. Shule kongwe ingenionyesha kanuni ya miaka arobaini na kuniomba niizoee.

Mtihani wa kwanza mkubwa, anatomia, nilipata 66. Kufaulu ni 70. Kwetu tungesema nimekula sap, na ukila sap mbili tatu neno linalofuata ni kudisko. Sikumwambia Mjomba kwa wiki tatu. Kila alipopiga nilisema, "Shikamoo Mjomba, nasoma," na yeye akasema, "Marahaba mwanangu, soma," na simu ikakatwa na mimi nikabaki naiangalia ile picha ya mkataba wa benki, sahihi yake imeinama kama mtu aliyechoka. Shule nayo ilikuwa na hofu yake, maana anayefeli katika darasa la kwanza ni doa kwenye ripoti yao. Kwa hofu yao nilipata mwalimu wa kunikalia kila Jumanne jioni. Nikarudia, nikafaulu. Ndipo nikamwambia.

Alikuwa yuko barabarani, nasikia injini. "Niliwahi kupeleka nyama Denver nikakuta ghala limefungwa," akasema. "Nililala kwenye lori, asubuhi wakafungua." Akaanza habari za bei ya dizeli.

Somo la tumbo lilikuja Februari. Mwalimu alikuwa yuleyule mzee wa usaili. Tulijifunza kulegeza misuli ya tumbo, kusikiliza kwa vidole, kwenda taratibu kwa duara kufuata njia ya utumbo. Mikono yangu iliijua njia hiyo kabla ya kufundishwa, na mwenza wangu alisema nina mikono ya moto. Kisha mzee akatusimamisha wote. Akasema yapo matumbo ambayo mkono ukifika, kazi yake imekwisha. Ukikuta limekaza kama ubao, mgonjwa mwenyewe hawezi kulilegeza hata akitaka, ondoa mkono na umwite mpasuaji. Hakuna mbinu yetu hata moja ya kufanya hapo. Akarudia mara ya pili, na hakunitazama, jambo ambalo nilimshukuru.

Usiku ule nilimpigia Jumaa. Ana bodaboda siku hizi, na kwao kulikuwa kumekucha. Nikamwambia nilimsimulia kwenye usaili, na kwamba nimebeba mafuta yale miaka yote.

"Mafuta gani?"

"Ya kukuchua. Mimi ndiye niliyepasha."

Akacheka. Kisha akanisimulia siku ya tatu, ambayo mimi sikuiona kwa sababu nilikuwa nimetumwa maji. Anasema Bibi alikaa mkekani kama kawaida, akaweka mkono tumboni, akautoa haraka kama aliyegusa sufuria. Akaufuta kwenye kanga. Akasema, "Hili si la mkono wangu." Akafungua fundo la kanga, akatoa hela zote, akamtuma mtu akatafute gari.

"Kwa nini hujawahi kusema?"

"Nani aliniuliza?"

Sasa sijui niiweke wapi habari hii. Jumaa alikuwa na miaka saba na homa kali, siwezi kuapa kwamba anakumbuka sawasawa. Bibi amekwishatangulia. Mama mdogo hataki kuizungumza. Na hata kama ni kweli, siku mbili ni siku mbili, na mafuta niliyapasha. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na Bibi wawili, mmoja wa maelezo yangu, asiyekosea, na mmoja wa usaili, aliyekosea. Huyu wa tatu, aliyeondoa mkono, hakuna aliyenihadithia habari zake.

Hivi karibuni ofisi ya udahili imeniomba maelezo yangu ya maombi ili wawaonyeshe wanaoomba darasa la pili, kama mfano mzuri. Nimeyafungua. Sentensi ya mkono wa baridi bado ni tamu. Nilimwuliza Jumaa kama naweza kumwingiza.

"Niweke," akasema. "Ila usiandike kwamba nililia."

Nimemweka. Bibi nimemweka yule wa siku ya tatu, na nimeandika kwamba ni Jumaa anayesema hivyo. Bado sijatuma. Nimezidisha herufi 412, na sijaona cha kukata.