Mzigo wa mama sita kwa mama mmoja: yale tuliyojifunza katika safari ya Lusaka



Likizo inakaribia, na kila tunapokutana wengi wanatuuliza habari za Lusaka. Mmoja ana mtoto anayesoma kule, mwingine anataka kununua nguo Kamwala, mwingine ana dada aliyeolewa kule. Sisi tulienda likizo iliyopita, wamama sita na mtoto mchanga wa miezi minane. Tulirudi wote wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini kuna usiku mmoja ambao hatukuusimulia katika mkutano, kwa sababu ya haya. Leo tunausimulia, maana ndio uliotufundisha.

Tulidhani tumejitayarisha vizuri. Miezi minne tuliweka likelemba ya safari. Tulipita kwanza konsula ya Zambia hapa Lubumbashi kuuliza karatasi zinazotakiwa, kwa sababu masharti hubadilika na maneno ya jirani hayafungui mpaka. Tulitazama tarehe ya mwisho ya kila pasipoti. Wasiokuwa na karatasi ya chanjo ya homa ya manjano walichanjwa mapema, maana chanjo hiyo inahesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10. Tangu 2016 inatosha mara moja kwa maisha yote, kwa hiyo mwenye karatasi ya zamani asiitupe. Mama wa mtoto alibeba cheti cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya baba, yenye muhuri wa komini.

Kosa letu lilikuja baada ya hapo. Karatasi zote na feza zote tulimpa mama mkubwa wetu, aziweke katika sakoshi yake moja. Ndiye mkubwa wa umri, amekwisha kufika Lusaka mara nyingi, na sisi tuliona ni heshima. Kusema kweli, tuliona pia ni raha: sisi tutapanda basi tu, yeye atafikiri.

Kasumbalesa iko kilomita 90 hivi kutoka hapa, na mambo yalienda vizuri. Vijana walikuja wakisema, "Mama, lete pasipoti, nitakukimbizia." Mama mkubwa alikataa. Alikwenda dirishani mwenyewe, akatuita mmoja mmoja, na kila muhuri aliutazama kabla ya kuondoka. Alibadilisha feza kidogo tu, akahesabu noti mbele ya yule kijana. Alitukumbusha kwamba tangu 2013 kwacha imeondolewa sifuri tatu, na noti za zamani zenye sifuri nyingi hazinunui kitu tena. Mgeni asiyejua anaweza kupewa karatasi tupu.

Malori yalikuwa mengi, tukapoteza nusu ya siku. Tulipita Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kabwe, na kuingia Lusaka karibu saa 20, giza limekwisha kuingia.

Katika stesheni kubwa ya mabasi, pale barabara ya Dedan Kimathi, basi halijasimama vizuri wabeba mizigo walikwisha kushika mifuko. Mmoja alichukua mfuko wa mama mkubwa akatangulia mbio kwenda kwenye taksi. Mama alimfuata akipiga kelele, sakoshi begani. Sisi tulikuwa bado tunashusha vitu. Tulipogeuka, hatukumwona tena.

Tulingoja. Simu zetu zilikuwa na laini za Congo zisizoshika kule. Laini ya Zambia alikuwa nayo yeye peke yake. Namba ya mwenyeji wetu ilikuwa katika simu yake. Jina la mtaa tutakapolala alilijua yeye. Wamama watano wazima, na kati yetu walimu wawili, hatukuwa na pasipoti hata moja, wala kwacha moja ya kununua maji. Na mtoto alianza kuchemka.

Mama mmoja muuza vitumbua alituona. Tulimsalimu kwa Kibemba, naye akatujibu kwa Kibemba. Alitupeleka kukaa penye mwanga, karibu na polisi, akatuambia tusimfuate dereva yeyote anayesema anajua wageni wetu. Alimfunika mtoto kwa kikwembe chake. Alitupa simu yake tupige. Hapo ndipo haya ilipotushika: hakuna aliyejua namba hata moja kwa kichwa. Mtoto alikuwa anapumua haraka, mama yake analia, na hatukuweza kumpeleka hospitali kwa sababu hatukujua tutalipa na nini, wala tutaonyesha karatasi gani.

Mama mkubwa alitokea karibu saa 22, ameongozwa na mlinzi. Alikuwa ametutafuta kwenye mlango mwingine, naye analia. Tulikwenda hospitali usiku uleule. Ilikuwa malaria. Daktari alitoa dawa, akatuambia tusingengoja asubuhi.

Kesho yake tulikaa kimya mbele ya bukari. Hakuna aliyetaka kumlaumu mkubwa. Ni yeye aliyesema: "Wanangu, mlinipa mizigo ya watu sita mkaiita heshima. Kama ningeanguka jana, mngeanguka wote." Tunasema kila siku kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini sisi tulimpa kidole kimoja kazi yote.

Kwa hiyo, wamama, haya ndiyo tunayoyafanya sasa.

Kila mama abebe pasipoti yake mwenyewe, ndani ya nguo, na nakala yake katika mfuko mwingine. Karatasi za mtoto zikae na mama anayembeba mtoto. Kila mama awe na kwacha zake za kutosha taksi, chakula na dawa, hata kama feza kubwa ya kikundi inakaa na mtunza hazina.

Kila mama aandike kwenye karatasi namba ya mwenyeji, jina la mtaa, na namba ya mtu mmoja wa nyumbani. Simu inazimika, karatasi haizimiki. Aandike pia 999 ya polisi na 991 ya ambulansi ya Zambia. Laini ya Zambia wanunue wamama wawili, si mmoja. Kabla ya kushuka popote, tupatane: tukipotezana, tunakutana wapi?

Tuondoke mapema ili tufike mchana. Mwaka 2016 Zambia iliweka kanuni iliyokataza mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 21 na saa 5. Kutoka Ndola mpaka Lusaka peke yake ni kilomita 320 hivi, kwa hiyo anayevuka mpaka kwa kuchelewa anaweza kulazimika kulala njiani. Afadhali kulala Kitwe au Ndola kwa kupanga.

Tubebe akiba ya siku tatu. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka na Congo kwa siku chache kwa ajili ya ugomvi wa biashara, na aliyekuwa amekwisha kumaliza feza yake sokoni aliona taabu.

Kule magari yanapita upande wa kushoto. Watoto wetu wamezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka. Kule watazame kuume kwanza. Tuwafundishe hapa nyumbani, na kule tuwashike mkono.

Katika masoko ya Soweto na City Market, kwenye barabara inayoitwa Lumumba, sakoshi ikae mbele ya tumbo, na feza ya kununua itenganishwe na feza ya kurudi. Maji tuchemshe au tununue yaliyofungwa: mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 kolera iliwapiga sana watu wa Lusaka, hata shule zilichelewa kufunguliwa Januari. Msimu wa mvua tuangalie zaidi.

Lugha isitutie woga. Upande wa Kitwe na Ndola, Kibemba cha bibi zetu kinatosha. Lusaka wengi wanasema Kinyanja, na neno "zikomo", yaani asante, linafungua uso wa mtu. Ofisini ni Kiingereza, basi wanafunzi wetu wa sekondari watuandikie sentensi tatu au nne kabla hatujaondoka.

Mama mkubwa bado ndiye anayetuongoza. Likizo ijayo atakwenda tena nasi, ataketi kiti cha mbele, na tutamsikiliza. Lakini sakoshi yake itakuwa nyepesi. Na yule mama muuza vitumbua tutamrudishia kikwembe chake, tumekwisha kukifua na kukipasi. Tutampelekea na kipya, cha hapa kwetu Lubumbashi.